Kitabu Hufunguliwa kwa Nyuma

Bwana Vauquelin alikuwa ameandika kitabu kinene kuhusu historia ya mji wa Rouen, Ufaransa, na Jumamosi hiyo alikaa katika duka la vitabu la Bibi Odile kuwasainia wanunuzi nakala zao. Watu walikuja, tena wengi. Lakini kila mmoja alikifungua kwa nyuma, kwenye faharasa ya majina, akautafuta ukoo wake. Asipouona, alikirudisha mezani kama samaki aliyeoza.

"Washamba hawa," Vauquelin alinong'ona. "Historia ya mji mzima, wao wanatafuta babu zao wauza siagi."

"Ndio wateja wangu hao," alisema Bibi Odile. "Halafu, kitabu cha Frébourg nacho kimefika leo."

Frébourg alikuwa hasimu wa Vauquelin, naye alikuwa ameandika juu ya mji uleule. Vauquelin akakichukua kwa ncha za vidole, akasema anataka tu kuona ubora wa karatasi. Kisha akakifungua kwa nyuma. Kidole kikashuka kwenye herufi V, kikapanda, kikashuka tena.

"Usijisumbue, mzee wangu," alisema Bibi Odile huku akipanga vitabu. "Nimeshakuangalizia asubuhi. Hata kukutukana hajakutukana."