Dawa Haishukuriwi

Huku Mtawanya ukipewa dawa husemi asante. Ukisema umeiua, na hata ukinywa debe zima utakuwa umekunywa maji. Ndiyo maana Mzee Sadala, tangu alipomwoa Mwanawetu mpaka leo ana mvi hadi kwenye nyusi, hajawahi kumshukuru mkewe kwa kikombe cha magome ya mkuyu. Alikuwa akinywa, akikunja uso, kisha akikifunika kikombe mdomo chini juu ya mkeka. Basi. Mwanawetu akikiona kimefunikwa, moyo wake hutulia.

Magome aliyachuna mwenyewe kwenye mkuyu wa bondeni, ule unaozaa makuyu hadi kwenye shina. Alifundishwa na mama yake kule Salale. Aliyaanika, akayachemsha kila alfajiri, wala hakutaka mtu aguse chungu chake. Kwa mambo mengine alikuwa mpole, lakini kwenye chungu hicho hakuwa na ndugu.

Kisha mzee akaandikiwa vidonge vya presha. Akawa anameza kidonge na kukishushia kwa mkuyu. Ijumaa moja aliinuka kutoka kwenye sijida, akaanguka mbele za watu. Wiki haijaisha akaanguka tena kizingitini, na safari hii alipasuka paji la uso. Binti yao Muzdalifa, anayesomea dawa Dar es Salaam, akapanda basi la kwanza.

Aliuliza baba anakunywa nini. Alipojibiwa akavuta kigoda karibu na mamaye jikoni.

"Mama, nakuomba uache kumpa mkuyu."

Mwanawetu akaweka mwiko chini. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemwangusha?"

"Sikusema hivyo, mama."

"Umesema kisomi, nami nimesikia kishamba."

Muzdalifa akaushika mkono wa mamaye. "Kwenye mishipa ya damu kuna vipokezi. Vifikirie kuwa ni milango midogo. Kidonge cha baba kikipiga hodi, mlango unaitika, mshipa unalegea na presha inashuka. Sasa chuoni tumejaribu maji ya magome ya mkuyu kwenye mishipa ya panya. Nayo yanapiga hodi, na mshipa unalegea vilevile. Kwa binadamu hatujathibitisha. Ila nikimwona baba anaanguka, naogopa wageni wawili wanaingia kwa pamoja."

"Basi aache kidonge."

"Kidonge kipimo chake kinajulikana. Gome la masika si gome la kiangazi, wewe mwenyewe ulinifundisha. Mama, yangekuwa maji matupu nisingekuwa na hofu. Naogopa kwa sababu dawa yako ina nguvu."

Maneno matamu hayo, lakini yalimchoma. Mtu akunyang'anye kitu eti kwa kuwa ni kizuri! Shamba limeshamshinda, kuni analetewa na wajukuu, vidonge mzee anajihesabia mwenyewe. Kikombe kile ndicho kilichobaki mkononi mwake cha kumtunzia mumewe. Usiku ule alimchukia binti yake kidogo, akajichukia zaidi kwa kumchukia.

Alfajiri akachemsha kama kawaida.

"Mama, tafadhali," Muzdalifa alisema pale mlangoni.

Mwanawetu akampita bila kumtazama.

Mzee Sadala alikuwa ameketi mkekani, plasta kwenye paji la uso. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakinusa, akamtazama mkewe.

"Asante, Mwanawetu."

"Umeiua!" Mwanawetu alipiga kelele. "Baba Muzdalifa, umeiua dawa!"

"Najua." Akakiweka kikombe chini, kimejaa, wala hakukifunika. "Jana nimewasikia, ukuta wetu huu hauzuii maneno. Nisingeiua ningekunywa, maana sijawahi kukataa kitu cha mkono wako. Sasa haina maana tena kukinywa. Na neno lenyewe limenikaa kooni tangu ujana. Asante kwa ile homa ya Salale, ulipokesha nami na maji ya mto yako mlangoni. Asante kwa kila asubuhi."

Mwanawetu akakaa chini akalia, kwanza kwa hasira, kisha kwa furaha iliyomtia haya mbele ya mtoto. Mwishowe akakichukua kile kikombe, akaenda kukimwaga jivuni.

Kesho yake aliamka saa yake ileile, maana mwili una mazoea. Chungu akakiacha pale kilipo. Akateleka sufuria, akapika chai ya rangi, akampelekea mumewe.

Mzee akanywa mpaka tone la mwisho. Naye kwa mazoea akakifunika kikombe mkekani, kimya.

Mwanawetu hakuondoka. Alisimama palepale, mkono kiunoni.

"Hiyo ni chai, mume wangu," akasema. "Chai inashukuriwa."