Skrubu ya Uzi wa Tatu

Jumanne, tarehe sita Januari, mwaka 1987, Siku ya Wafalme Watatu waliomzuru Mtoto Yesu, niliingia nyumbani kwa Mama Guiomar, palipopambwa hori, nikiwa nimeikumbatia viola ya mume wangu, gitaa letu la nyuzi kumi.

Binti yetu Ivonete alipokuwa mchanga, mapafu yake yalijaa maji. Baba yake, Osório, akawawekea Wafalme Watatu nadhiri: akipona, viola ile itapigwa mbele ya hori la Mtoto Yesu kwa miaka saba, wimbo mzima, bila kukatika. Miaka sita aliitimiza mwenyewe. Mwezi Oktoba uliopita kinu cha miwa kilimsaga vidole, na wa saba ukaniangukia mimi. Asubuhi ile ya Siku ya Wafalme Ivonete aliamka akikohoa.

Msafara wetu uliimba nyumba kwa nyumba, na tangu nyumba ya kwanza uzi wa tatu ulikuwa ukilegea kila nilipoukaza. Waimbaji walinifunika kwa sauti zao. Mbele ya hori nisingefunikwa, kwa kuwa nadhiri ilikuwa ya viola.

"Mama Ivonete," alicheka Tião, mchekeshaji wetu mwenye barakoa ya ngozi ya mbuzi, "huo uzi wako unashuka kama suruali ya mlevi!"

"Nyamaza, mbuzi usiye na mchungaji!" nilimjibu.

Kapteni Belarmino, kiongozi wa msafara wetu, alivua kofia. "Mama Ivonete, hori ndilo hili. Nianze?"

Nilizungusha kikazio. Uzi ukapanda, ukatulia, kisha ukateremka wenyewe mbele ya macho yangu. Nilikuwa na siri. Ndani ya viola Osório aliweka kipande cha mkia wa nyoka mwenye njuga, kinga ya kijicho kinachoharibu nyuzi. Wiki iliyotangulia, nilipokuwa nikisugua kutu, kilidondoka, nami nikakifagia pamoja na vumbi.

Nilimnong'oneza Osório, aliyesimama kando yangu: "Baba Ivonete, ule mkia wa nyoka... niliutupa."

Rangi ikamtoka usoni. "Lini?"

"Nilipozifungua mashine za kukazia nyuzi, nizisafishe."

Aliinama juu ya viola. Nyuma yetu Ivonete, tuliyekuja naye, alikohoa.

"Ulizifungua zote?"

"Zote."

"Basi mwache nyoka kwanza. Zungusha tena, taratibu, nitazame."

Nikazungusha. Ndipo sote wawili tukaona: bamba la chuma linalobeba mashine lilikuwa likiinuka kama kifuniko cha sufuria. Skrubu yake ilikuwa ikicheza ndani ya tundu. Ubao wa tundu ulikuwa umechakaa, nami niliirudisha skrubu vivyo hivyo, bila kujua.

Mama Guiomar alikuwa anawasha mishumaa. "Mama, njiti hiyo usiiwashe!" nilipiga kelele.

Nilimpokonya njiti ya kiberiti, nikaivunja, nikaisokomeza tunduni ipate kubana, nikaikaza skrubu kwa ncha ya kisu cha machungwa. Kisu kiliteleza mara mbili. Tião akavua barakoa, akapiga magoti, akaishika shingo ya viola.

"Kaza, mama. Leo sichekeshi."

Nilipopiga, Kapteni aliinua wimbo. Beti zilikuwa kumi na mbili. Sikumtazama mtoto, nilitazama bamba. Katika ubeti wa tisa Ivonete alikohoa kwa kishindo, nusura vidole vinigande, lakini vikaendelea bila mimi. Bamba halikuinuka. Uzi haukushuka. Neno la mwisho lilipoimbwa, Osório aliibusu viola kwenye bamba lile, akalia.

"Mama, nataka halua ya boga," alisema Ivonete.

Nilimwekea kiganja kifuani, nikasikiliza. Kifua kilikuwa kikikoroma bado. Nadhiri imelipwa, lakini hofu yangu haijui hivyo, na usiku huo niliamka mara nyingi kumsikiliza.

Wewe uliyeyasoma haya, mfikishie neno hili kila anayebeba chombo cha nyuzi kwa ajili ya mtoto wake: kabla ya kumshtaki nyoka, afungue macho aitazame skrubu. Naye amwambie mwingine.