Sanduku la Shangazi

Afisa Kaimenyi wa wanyamapori alinipigia simu Jumatatu asubuhi akasema atakuja Alhamisi saa nne, na atakuja na mfuko. Hakusema mfuko wa nini, na mimi sikuuliza. Ni ule wa kitambaa wenye kamba mdomoni, wanaobebea nyoka, na nyumba yangu ina nyoka mmoja tu.

Anaitwa Shangazi. Ni boa wa mchanga, wale wadogo wa huku kwetu Mbeere, mfupi kuliko mkono wangu, mgongo rangi ya chungwa na madoa ya kahawia, mkia butu mpaka watu wanaapa ana vichwa viwili. Hana sumu. Marehemu mke wangu Gatwiri aliwaona mara ya kwanza pale machimbo ya mchanga nje ya Kiritiri, vijana wakiwakata kwa sepeto, na roho ikamuuma. Alikuwa mtu wa Mikinduri, mlimani kwenye baridi, na hakulelewa na hofu zetu. Akasema ataomba leseni afuge mmoja, watoto wa Sunday school waje wamwone wajue si kila nyoka ni wa kuuawa. Jina alishachagua. Alisema nyoka wa namna hiyo ni kama shangazi aliyekuja kutembea, anajifukia chumbani kutwa na kichwa kinatoka chakula kikiiva.

Aliomba leseni, akangoja miaka miwili. Wakubwa wa ofisi wanajua walikuwa wakifanya nini miaka hiyo miwili, mimi sijui. Kisha akaugua ghafla, na gari la wagonjwa lilikuwepo pale zahanati limeegeshwa, halina mafuta. Leseni ilikuja wiki tano baada ya kumzika, jina lake limeandikwa vizuri kwa mashine. Nilienda Embu mara tatu wabadilishe jina. Halafu nikachukua sepeto, nikachimba siku tatu machimboni mpaka nikampata Shangazi.

Naeleza haya ndio mjue. Gatwiri aliomba serikali kitu kimoja tu maisha yake yote kikakubaliwa. Sasa Kaimenyi alitaka kukitia kwenye mfuko.

Sababu ni kwamba Shangazi alikuwa hali chakula. Wiki tisa. Namwekea panya mdogo, anamgeuzia mkia. Usiku na mchana alikuwa akisukuma kioo kwa pua, huku na huku, mpaka ngozi ya pua ikachubuka. Kaimenyi alipokuja mara ya kwanza alimtazama, akatazama sanduku, akatikisa kichwa. "Mzee Kivuti, hapa si sawa," akasema. "Soma hii, urekebishe. Nikirudi nimkute hivi, nitamchukua." Akaniachia karatasi. Karatasi yote Kizungu, mbele na nyuma. Mimi niliacha shule darasa la tatu, na ofisi hiyo inajua maana nilitia kidole gumba kwenye fomu zao. Niliikunja nikaiweka chini ya redio.

Sanduku lenyewe nililinunua kwa mtu aliyefunga kibanda cha chipsi. Kioo pande zote, juu kifuniko cha waya, na balbu kubwa inaning'inia katikati kuweka chipsi moto. Nilimwaga mchanga ndani, nimeuchekecha kwa chekecheke ya mahindi, nikawasha. Mimi na Gatwiri tulilea vifaranga mia tatu hivyo hivyo, na kila mfuga kuku wa hapa atakuambia sheria ni mbili: joto liwe sawa kila pembe wasirundikane wakakanyagana, na taa isizimwe, wale usiku kucha wakue. Vifaranga wetu hawakufa. Kwa nini nyoka afe?

Jirani yangu Elphas, anayechomelea mageti hapo mbele, alikuwa akipita anachungulia dirishani. "Mzee Kivuti, hiyo chipsi haijaiva tu?"

"Elphas, nenda ukachome mageti."

"Nauliza tu. Na kichwa ni kipi leo?"

Sasa Jumatatu ile ile, saa nne hivi, stima ikapotea. Transfoma ililia kama ng'ombe, ikatoa moshi, kwisha. Elphas alipiga simu kwa watu wa stima, wakamwambia avute subira. Subira ya watu wa stima huku kwetu ni siku tatu, nne. Mimi nilitukana mpaka nikakaukiwa. Nyoka wangu ana siku tatu na sasa hata joto hana.

Ningefanya nini? Tulibeba sanduku na Elphas tukaliweka mlangoni, kwenye veranda, jua limpate. Lakini mabati ya veranda ni mafupi. Jua likapiga nusu ya sanduku na nusu ikabaki kivulini. Nikataka kulisogeza lote juani.

"Ngoja," Elphas akasema. "Ona huyu."

Shangazi alikuwa ameacha kioo. Alijivuta taratibu mpaka upande wa jua, akajifukia mchangani, kichwa tu nje, macho yake madogo yale ya juu ya paji. Akatulia. Sikuwa nimemwona ametulia tangu nimlete. Baada ya kama saa moja mchanga ukatikisika, akapita chini kwa chini mpaka kivulini, akalala huko. Halafu akarudi juani. Nilivuta kiti. Sikula mchana. Kila alipohama nilimwita Elphas, naye anakuja na miwani yake ya kuchomelea, tunainama pamoja kama watu wanaoangalia mpira.

"Anachagua," nikamwambia. "Akisikia baridi anakuja huku, akisikia moto anaenda kule. Kwangu mimi hakukuwa na kule."

"Ulimfungia ndani ya jiko," Elphas akasema.

Jioni giza likaingia, sanduku nimelirudisha ndani, na hakukuwa na balbu ya kumkodolea. Hakusukuma kioo hata mara moja. Kifaranga anataka taa usiku. Nyoka anataka usiku uwe usiku. Wiki tisa nilikuwa nimemnyima kivuli na nimemnyima giza, nikimwita mkaidi.

Jumanne usiku sikulala nikingoja kuche, Jumatano tulifanya kazi kama watu wa harusi. Nilitoa ile balbu katikati, nikaihamisha mwisho mmoja, juu, nje ya waya, asiiguse akaungua. Elphas akakata kipande cha bati, akakikunja kikawa kofia ya kuelekeza joto upande ule tu. Upande wa pili nikaweka kigae cha chungu kilichovunjika, pa kujificha. Mchanga nikaongeza ukafika kina cha kiganja. Maji nikaweka kwenye kibakuli kizito, kidogo, yasimwagike akalala kwenye unyevu. Elphas akauliza kama Shangazi atalipa kodi. Nilikuwa nikipiga mluzi kwa furaha, mambo ya kijinga kwa mtu wa umri wangu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Stima ikarudi jioni hiyo. Nikaweka swichi ukutani, ya kuizima balbu usiku.

Kitu kimoja tu kilinitisha. Mbavu za Shangazi zilikuwa zimetanuka. Hali kitu, na ananenepa. Nilimwona ng'ombe wa baba akivimba hivyo kabla ya kufa.

Alhamisi saa nne kamili pikipiki ya Kaimenyi ikaingia. Mfuko begani. Alisimama mbele ya sanduku, akatia mkono upande wa balbu, akatia upande wa kigae.

"Nani alikusomea karatasi?"

"Hakuna."

"Basi ulijuaje?"

"Stima ilipotea," nikasema. Ilinichoma kusema hivyo. Miaka mingi nawatukana wale watu, na leo ndio walimu wangu.

"Amekula?" akauliza.

"Bado."

Akafungua mfuko. "Mzee, nilikuambia. Wiki tisa, na sasa kumi. Huyu anaenda kwa daktari."

Akatia mkono mchangani. Mimi niligeuka nisione. Ndipo Elphas, aliyekuwa dirishani kama kawaida, akasema, "Madoa yanatembea mchangani."

Kaimenyi akautoa mkono pole pole. Juu ya kiganja chake palikuwa na kitu cha unene wa kidole, rangi ya chungwa, mwili umelowa. Kikajinyonga. Mchanga upande wa joto ukatikisika hapa, na hapa, na pale.

"Wanazaa hawa," Kaimenyi akasema, sauti imebadilika ikawa ya kijana tu. "Hawatagi. Ulimchimba akiwa na mimba, Mzee. Mwenye mimba anaweza kukataa chakula mpaka azae. Nilipaswa kumpapasa siku ile." Akaanza kuhesabu, akapotea, akaanza tena. Kumi na mmoja, wote hai. Shangazi alilala chini ya kigae, mbavu zimeshuka, hana habari na mtu.

Kaimenyi alikunja mfuko akauweka mfukoni. Mama na watoto, akasema, hawabebwi leo wala mwezi huu.

"Ila kuna tatizo," akasema. "Leseni yako ni ya nyoka mmoja."

"Nimwambie awarudishe tumboni?"

"Utaandika barua nyingine."

"Miaka miwili?"

Akachukua kofia yake ya pikipiki. Nikaitoa ile karatasi chini ya redio, nikamwambia kabla ya kwenda anisomee kwa lugha ya watu. Akasoma amesimama. Upande wa joto, upande wa baridi, nikamwonyesha kwa kidole. Balbu nje ya waya, nikamwonyesha. Mchanga mkavu, pa kujificha, mwanga kwa muda wa saa kumi na mbili na giza kwa muda huo huo. Kila kitu kilikuwepo, isipokuwa kimoja, kufuli ya kifuniko. Elphas akaenda kuileta.

Jioni jua lilipogusa miti nilisimama karibu na swichi. Watu wa stima walionizimia taa maisha yangu yote hawakuwahi kuniuliza. Nikamwambia Shangazi usiku mwema, nikamwambia na Gatwiri, nikazima mwenyewe.