Waliofika Kwenye Netiweki

Mwaka ule wa corona tulimzika mwanangu Kihara asubuhi na mapema, watu wa afya wakiwa wamevaa nailoni nyeupe, na kaburi likafukiwa kabla majirani hawajafika. Mke wake, Wacera, alirudi nyumbani, akaingia kitandani, akakaa huko. Chai nikawa naichuma mimi. Kupika mimi, kufua mimi, na magoti yangu haya.

Kila asubuhi nilimpelekea uji pamoja na kitendawili, maana zamani hakuna aliyemshinda.

"Kitendawili, Wacera."

Alifumba macho.

"Haya, najitegea mwenyewe. Namkata kichwa kila mara, naye anazidi kunenepa."

Hata mtoto mdogo wa hapa kwetu Wamagana anajua huyo ni mchai. Wacera aligeukia ukuta, nikabaki na kijiko mkononi.

Binti yake, Ngendo, anaishi Skuta, kule mjini, na kazi yake ilikuwa kwenye mradi wa afya ya akili. Mradi ule ulituma maswali kwa simu: unalala vizuri? Unajisikia kulia? Walikuwa na mshauri nasaha mmoja tu, na angepelekwa pale ambapo majibu yangeonyesha watu wameumia zaidi. Niliposikia hivyo nilimshukuru Mungu. Nilijua anakuja kwetu.

Sasa, huku bondeni netiweki haishiki. Inashika pale juu, kwenye kituo cha kupimia majani chai. Kwa hiyo wanawake walifungulia maswali huko, vikapu mgongoni, barakoa kidevuni, wakingoja lori. Phyllis, mwenyekiti wa kikundi chetu, aliwasomea kwa sauti:

"'Je, umekosa nguvu ya kufanya kazi?' Haiya! Na huu mzigo nimeuleta hapa na nini, meno?"

Walicheka, wakabonyeza "hapana". Hawakudanganya.

Ngendo alinijia mimi bibi yake Jumamosi, mkate kwapani, uso umesawijika.

"Shosho, watu wa hapa mmeonekana wazima kuliko wote. Mshauri anabaki town."

"Wazima akina nani?"

"Wenye walijibu. Walikuwa wengi, hata bosi alifurahi."

"Na walijibia wapi?"

"Si pale kituoni, ndio kuko na..." Akatazama mlango wa chumba cha mama yake. "Kwani Mama hakujibu?"

"Mamako hata chooni hufika akishikwa mkono."

Alikaa juu ya debe, mkate bado kwapani. "Nimeuliza wenye wanaweza kupanda kilima," alisema polepole. "Wenye wamelala sikuwauliza. Na Mama ni mmoja wao, Shosho. Mama yangu."

Sikuwa na nguvu ya kumgombeza, wala ya kumbembeleza. Nilimmiminia chai. Hakuinywa. Alitoka akapanda kule juu, nikawa namwona kutoka uani akizunguka, simu sikioni, mkono mwingine ukipiga hewa. Aliporudi viatu vilikuwa tope tupu.

"Bosi anasema matokeo yashaenda, hayabadilishwi. Lakini nimeongea na mshauri mwenyewe, Gacheri, mtu wa Meru. Atakuja kesho, siku yake ya kupumzika. Ila Mama akubali kwanza. Akikataa, haji."

Tuliingia pamoja. Ngendo alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, kuna mtu anataka kuja kukuona."

Alisogea kidogo, blanketi likaanguka pembeni.

"Anakuja kuniuliza maswali?" Sauti ilikuwa imekauka.

"Hapana. Kukaa na wewe tu. Ukitaka kuongea, utaongea."

Wacera aligeuka. Aliangalia sakafu, nguo zilizorundikana, vikombe vya uji vya siku nyingi ambavyo sikuwa nimepata nguvu ya kuviondoa.

"Nyumba ni chafu hivi," alisema. "Mgeni atakaa wapi?"

Ngendo alinitazama, mimi nikatafuta ufagio. Yeye akafungua dirisha, akaanza kukusanya vikombe. Wacera hakuinuka. Lakini nilipofika karibu naye, alilivuta blanketi lililokuwa limeanguka, akaliinua, ili nifagie chini ya kitanda.