Kesi ya Kuni Mbichi

Mume wangu Lugembe aliachiwa huru na mahakama ya mwanzo kwa sababu yangu. Alishtakiwa kuiba asali kwenye mizinga ya jirani yetu Ambrosi. Nikashika Biblia, nikaapa kwamba usiku ule nilimwacha kwenye bani letu, akichochea moto wa kukaushia tumbaku. Niliapa bila kupepesa macho, maana nilimwamini. Mjinga mimi.

Ambrosi hakuridhika, akampeleka kwa sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Hapo nikaogopa kweli. Kwetu Goweko, sungusungu wakikutia hatiani unatengwa wewe na nyumba yako yote: husalimiwi, huombi moto kwa jirani, ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Siku ya baraza nilivaa khanga zangu nzuri, ili kama ndiyo salamu za mwisho, zinikute nimependeza.

Mtemi wa sungusungu, mzee Ngollo, hakuwahi hata kukohoa. Lugembe alishasimama.

"Shikamoo Mtemi. Hakimu alishasema sina hatia. Sheria haimhukumu mtu mara mbili kwa kosa lilelile."

Watu wakanung'unika. Ngollo akawaza, akajikuna kidevu, mwishowe akakubali. "Marahaba. Ni kweli. Jambo la asali liliishia mahakamani. Hapa halisikilizwi tena."

Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Angenyamaza, tungekwenda zetu nyumbani. Lakini Lugembe ushindi humlevya kuliko pombe.

"Halisikilizwi kabisa, Mtemi? Hata iweje?"

"Hata iweje."

"Basi Ambrosi, ndugu yangu, asali yako ilikuwa tamu! Niliuacha moto wa bani ukazimika, nikakaa mizingani kwako nakula mpaka alfajiri!"

Vijana wakaangua kicheko. Ambrosi akamrukia, wakamshika. Mimi sikucheka. Katika maneno yote yale nilikuwa nimesikia moja tu: ukazimika.

Tumbaku iliyokuwa banini usiku ule iliharibika yote. Lugembe alisema ni kwa sababu ya kuni zangu mbichi. Alisema tukila, alisema tukitoka kanisani, alisema mbele ya mama yake. Kuni hizo nilizibeba kichwani mwenyewe kutoka porini, kavu kabisa, lakini aliposema sana hata mimi nikaanza kuamini ni mbichi. Nililia kwa ajili ya kuni!

Nikasimama. "Mtemi, kesi ya asali imekwisha. Ya kuni je?"

"Kuni zipi, Mama Justini?"

Nikaeleza. Ngollo akamgeukia Lugembe polepole. "Hiyo hakimu hakuisikiliza."

Baraza lilimtia hatiani hata sijaketi. Ngollo akaona kumtenga ni kunionea na mimi, kwa hiyo akaniachia nimwadhibu mwenyewe.

Siku hizi Lugembe ndiye anayekwenda kuokota kuni. Jioni nampokea mlangoni, napapasa kijiti kimoja kimoja.

"Mbichi," nasema.

Jana akashindwa kuvumilia. Akautua mzigo chini kwa kishindo. "Mama Justini, haya si ulishanihukumu juzi? Kosa lilelile?"

"Na mimi, Baba Justini, ulinihukumu mara ngapi?"

Akachukua shoka, akarudi porini.