Ekseli za Kifaru

Shemeji yangu anauza magodoro. Hakuna mzigo wa biashara ulio mwepesi kuliko godoro, lakini mtu huyu alijitengenezea gari la kubebea milima. Alinunua gari kuukuu la porini, akaliinua kwa springi nene, akalivisha matairi yanayonifika kiunoni, bampa la chuma cha reli, winchi, keria ya mabomba, tangi la maji na ngazi ambayo hakuwahi kuipanda. Watoto wa mtaani wakaliita Kifaru, naye akavimba kichwa.

Mimi ni fundi magari, tena ni kaka wa mke wake, kwa hiyo nilikuwa na haki mara mbili ya kumsema. Nilimsema.

"Shemeji, umebadilisha kila kitu isipokuwa ekseli. Zile zilipimwa kwa gari lilivyotoka kiwandani, si kwa jumba hili."

"Kiwanda kizima na wahandisi wake, halafu wewe na gereji yako ya mabati ndio mjue zaidi?" Akacheka mpaka akashika ubavu. "Nyie mafundi mnatafuta kazi tu."

"Haya. Siku ekseli zikikatika usinipigie simu."

Hakunipigia. Ilipokatika nilikuwa nimekaa kando yake.

Tulikuwa tunampeleka hospitali mdogo wangu, yaani mke wake. Muuguzi wa zahanati alimbonyeza tumbo upande wa kulia, akamwachia, mdogo wangu akapiga yowe. Kidole tumbo, akasema muuguzi, na lazima apasuliwe leo hii hii. Chumba cha upasuaji kilikuwa ng'ambo ya mlima. Mvua ilikuwa imeiharibu barabara na wenye magari madogo wote walikataa, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nikamshukuru Mungu kwa ajili ya Kifaru. Tulimlaza nyuma juu ya godoro jipya, tukaondoka.

Katikati ya mlima tope likashika tairi. Shemeji akakanyaga mafuta kwa pupa, na chini yetu kitu kikalia pa! Injini ikaendelea kunguruma, gari likasimama.

"Nini hicho?" akauliza, ingawa alijua.

Nikaingia chini. Ekseli ya nyuma, upande wa kulia, ilikuwa imekatika karibu na difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu. Mtandao wa simu haukufika pale, na hakuna gari lililokuwa likipita. Mdogo wangu alikuwa akilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake hata tulipokuwa wadogo. Mumewe alimshika mkono, "Vumilia mama, vumilia kidogo," huku akinitazama mimi kana kwamba nina ekseli mfukoni.

"Zimebaki za mbele," nikamwambia, "nazo ni nyembamba kuliko hii. Kwa uzito huu hatufiki."

"Tufanyeje?"

"Tulivue nguo."

Tukalivua. Sijawahi kufungua nati kwa hasira namna ile. Bampa likaanguka topeni, winchi ikafuata, keria ikafuata, tangi tukalimwaga na kuling'oa. Ngazi aliirusha korongoni mwenyewe. Alikuwa analia, na sikujua kama analilia mke au gari, nikamchukia.

"Ungenisikiliza!" nikamfokea. "Hata siku moja tu, ungenisikiliza!"

"Nipige baadaye, shemeji. Nipige hata mbele ya watoto. Sasa hivi niambie nishike nini."

Hasira ikaniisha, nikabaki na woga mtupu.

Nikachomoa ekseli iliyokatika, nikaziba tundu lake kwa kitambaa na kipande cha mpira ili mafuta yasivuje. Kazi ya kuvuta ikabaki kwa magurudumu ya mbele, lakini gari likipanda, uzito hulala nyuma na ya mbele yanakuna tope bure. Tukaliteremsha taratibu mpaka palipokuwa na upana, tukaligeuza, tukaanza kuupanda mlima kinyumenyume ili uzito uyalalie magurudumu yanayovuta. Shemeji alikuwa kwenye usukani, shingo ameipinda. Mimi nilitangulia kwa miguu nikimwelekeza kwa mikono, na kila nilipogeuka niliuona uso wa mdogo wangu kwenye kioo cha nyuma, umelowa jasho, meno ameyauma.

Kwenye kona ndiko nilikoogopa. Ekseli ya mbele hupenda kukatika gurudumu likiwa limepinda.

"Usikanyage ukiwa umekata usukani! Nyoosha kwanza! Nyoosha, ndipo ukanyage!"

Alinisikiliza. Tuliimaliza kona ile kwa vipande vipande, chuma kikilalamika chini, mimi nikiomba kwa sauti bila aibu. Kisha barabara ikalala. Tulikuwa juu.

Nikakimbilia mlango wa nyuma. Mdogo wangu alikuwa ametulia, mikono ameiachia kando.

"Kaka," akasema, "limeacha. Haliumi tena."

Shemeji akapiga magoti topeni, akamshukuru Mungu, akanikumbatia na uchafu wake wote. Nikacheka. Simu yangu ikashika mtandao, nikampigia muuguzi nimpe habari njema.



"Maumivu yameisha yenyewe? Ghafla?"

"Ndiyo, sasa hivi tu."

"Fundi, nisikilize vizuri. Kidole tumbo kimepasuka. Atajisikia nafuu kidogo, halafu sumu itasambaa tumboni na atazidiwa. Mna muda mfupi sana. Nawapigia hospitali wajiandae. Msisimame popote."

Mapaa ya hospitali yalionekana kule chini bondeni, madogo mno. Shemeji alikuwa anamfuta mkewe uso kwa shati lake, akimwambia kwamba kuanzia leo atatembelea baiskeli, naye mdogo wangu anatabasamu.

"Muuguzi anasemaje?" akaniuliza, akitabasamu pia.

"Anasema twende. Kaa na mkeo huko nyuma, umshike vizuri."

Nikaingia kwenye usukani mimi mwenyewe, nikaligeuza gari, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, kona na tambarare, bila kuihurumia ekseli tena.