Skrini ya Tatu

Wapo wanaoonea wivu nyumba ya jirani, na wapo wanaomwonea wivu mwenzao kwa mtoto aliyefaulu. Bi Daftari aliionea wivu skrini. Ilikuwa skrini ya kawaida tu, nyeusi, ukubwa wake kama trei ya chai. Ilisimama upande wa kushoto wa meza ya mpangaji wa kurasa, pale pale ambapo kiti cha Bi Daftari kilikuwa kwa miaka kumi na minane.

Katika kiwanda kile cha uchapaji palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua. Ukurasa hauendi kuchapwa mpaka usomwe na watu wawili. Mpangaji alikodoa macho kwenye kompyuta, na mwenzake alikaa kushotoni akiwa na mswada mkononi na ukurasa mbele ya macho, akisoma kwa sauti neno kwa neno, hata alama: mkato, nukta, aya mpya. Huyo wa kushotoni walimwita jicho la pili. Bi Daftari ndiye alikuwa jicho la pili. Shule aliiacha mapema, lakini sikio lake lilinasa neno lililoruka kama mama anavyonasa kikohozi cha mwanawe.

Jina la Bi Daftari alipewa ukubwani. Alipofikisha miaka arobaini na sita alijiandikisha darasa la jioni la kompyuta, akakaa dawati moja na watu wa rika la watoto wake, na kwa kuwa hakuiamini kumbukumbu yake, aliandika kila kitu. Mwalimu akikohoa, anaandika. Kila asubuhi alipiga magoti kando ya kitanda akaomba jambo moja: siku mpangaji mzee atakapostaafu, kiti cha mpangaji kiwe chake.

Mzee alistaafu. Meneja akamwita Bi Daftari, akamwambia kwa upole, "Bibie, mkono wako kwenye mausi bado mzito. Natafuta kijana. Unamjua yeyote?"

Alimjua. Mke wa mdogo wake alikuwa amemaliza chuo, yuko nyumbani mwaka mzima anapanga vikombe kabatini. Bi Daftari akameza mate, akamleta. Mimi mwenyewe nimemleta, alijiambia baadaye mara nyingi mno, kwa mikono yangu miwili.

Wifi yake alikuwa mwepesi, mcheshi, na kazi aliijua, nalo hilo ndilo lililouma zaidi. Laiti angekuwa mvivu, mtu angepata la kusema. Katika mwezi wake wa nne akamwomba Meneja skrini tatu: ya kwanza ya kurasa, ya pili ya picha na rangi, ya tatu ya mswada. Kompyuta ile ilikuwa na kadi ya picha yenye matundu ya skrini mbili tu. Meneja akamleta fundi, naye akaenda stoo, akachomoa kadi ya zamani kwenye mashine iliyokufa, akaichomeka kando ya ile mpya.

Kadi mbili zile hazikuelewana. Kutwa nzima fundi alikuwa akibadilisha draiva, yaani ile programu inayoifanya kompyuta izungumze na kadi. Draiva mpya iliitambua kadi mpya na kuikana ya zamani. Ya kale iliitambua ya zamani na kuikana mpya.

"Hizi kadi ni kama mawifi," fundi alisema akijifuta jasho. "Zinataka mtu wa kati anayezijua zote mbili."

Ofisi nzima ilicheka. Jioni akapata toleo moja la katikati lililozikubali zote, na skrini ya tatu ikawaka. Bi Daftari alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, akiandika: waya upi umeingia wapi, na namba ya toleo lile, tarakimu zote na nukta zake.

"Wifi," mke wa mdogo wake alitania, "hata waya unauandikia barua?"

Wakacheka tena. Bi Daftari naye akacheka, kwa meno.

Wiki mbili baadaye Meneja alitangaza kwamba, kwa kuwa mpangaji sasa anaona mswada na ukurasa pamoja, hahitaji mtu wa kumsomea. Kitabu cha hesabu cha shule kikitoka Ijumaa, Jumatatu Bi Daftari ahamie chumba cha kujalidi, kwenye gundi na uzi. Kiti kikaondolewa siku hiyo hiyo, maana skrini ilitaka nafasi.

Tangu hapo Bi Daftari aliitazama skrini ile kwa pembe ya jicho. Aliiona kama mwanamke mwingine aliyekuja na kukaa, tena hasemi kitu, hachoki, hali chochote, na wifi yake anageuka kila dakika kumtazama. Katika sala zake alisema, "Bwana, wewe waujua moyo wangu," kisha akanyamaza, kwa sababu hakutaka Mungu autazame sana.

Jumatano asubuhi wifi yake aliwasha kompyuta akakuta ujumbe: draiva mpya imetoka, ya haraka zaidi. Picha zilikuwa zikisuasua tangu juzi, akakubali. Akafuta na mafaili ya zamani apate nafasi, kama mtu anayefagia uwanja. Kompyuta ilipojizima na kujiwasha, skrini mbili zikarudi. Ya tatu ikabaki nyeusi, ikaandika maneno mawili: hakuna ishara.

Alichomoa waya, akachomeka. Akazima, akawasha. Akashusha draiva moja ya zamani, ikafufua ya tatu na kuziua zile mbili. Akashusha nyingine, hali ileile. Matoleo ya zamani yalikuwa makumi, na kila moja lilichukua karibu saa nzima. Fundi alikuwa amesafiri, simu yake haipatikani.

Meneja alikuja, akasimama mlangoni. "Umeiunguza kadi?"

"Hapana, mkuu. Nadhani ni draiva."

"Unadhani. Miezi yako ya majaribio ya kazi inaisha Ijumaa, unalijua hilo? Sitaajiri mtu anayebonyeza kila anachoambiwa abonyeze." Akageuka. "Bi Daftari, leta kiti. Msomee, kitabu kitoke."

Bi Daftari akakileta mwenyewe, akakiweka kushotoni, mbele ya skrini iliyozimika. Alipokaa, mwili wake wote ulisema ahaa.

Wifi yake alimwinamia, sauti chini. "Wifi, siku ile fundi alipokuwa hapa, wewe ulikuwa unaandika. Hukuiandika namba ya ile draiva?"

Daftari lilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa mapajani. Bi Daftari aliuhisi uzito wake kama mtoto aliyelala.

"Sikuandika," alisema.

"Kweli?"

"Niliandika waya tu. Si ulinicheka?"

Basi wakafanya kazi kama zamani. "Pembe A, mkato, pembe B, mkato, na pembe C, nukta. Aya mpya." Sauti yake haikuwa imetoka vizuri hivyo kwa muda mrefu. Alinasa neno lililoruka ukurasa wa kumi na mbili, akanasa mzizi wa namba uliopotea ukurasa wa arobaini. Meneja alipita akasikia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hili jambo la kujalidi pengine tulifikirie upya. Saa ya chakula wifi yake hakula. Alikaa akishusha matoleo, moja baada ya jingine, akikwaruza rangi ya kucha.

Alhamisi jioni Bi Daftari alikwenda darasani. Somo lilipoisha mwalimu akauliza kama kuna swali, na yeye, sijui ni shetani au ni malaika aliyemwinua mkono, akauliza kuhusu kompyuta yenye kadi mbili, moja mpya na moja ya zamani.

"Swali zuri, mama," mwalimu alisema. "Watengenezaji hufika mahali wakaiacha kadi ya zamani. Draiva mpya haiijui tena, na kadi yenyewe ni nzima. Ukikuta toleo linalozijua zote mbili, liandike ukutani. Aliyeandika amepona. Hiyo mashine iko wapi?"

"Kazini."

"Na toleo lake mnalo?"

Kabla hajajibu, kijana wa dawati lake alilivuta daftari. "Mwalimu, Bi Daftari akose? Ndilo hili!"

Mwalimu akaliinua juu, ukurasa wa thelathini na moja ukiwa wazi, namba imepigiwa mistari miwili kwa rula. "Mnaona? Huyu ndiye mwanafunzi. Mtu wa namna hii ofisini ni akiba." Darasa likampigia makofi. Bi Daftari alitazama miguu yake. Makofi yale yangekuwa mawe yangemwuma kidogo zaidi, lakini kidogo tu.

Alipofika nyumbani alipiga magoti hata kabla ya kuvua viatu. Alianza kushukuru kwa siku, kwa afya, kwa mdogo wake na mkewe. Hapo ulimi ukagoma. Akarudi mwanzo. Ukagoma pale pale. Alijua kwamba kesho yake, wifi yake akifukuzwa, ataondoka na kikombe chake cha chai mkononi, akipita mbele ya mtu aliyemleta. Na alijua, hili alilisema kwa sauti ndani ya chumba kitupu, kwamba kuna sehemu ya moyo wake iliyokuwa ikingoja kuona kikombe hicho.

"Mungu wangu," alisema, "mimi nilikuomba kiti, wewe ukanifundisha kuandika. Kumbe ilikuwa kwa ajili ya hili."

Ijumaa alifika kazini mapema, akamkuta wifi yake amefika kabla yake, macho mekundu. Alilifungua daftari mezani.

"Ukurasa wa thelathini na moja. Hiyo hapo."

Wifi yake alisoma, akasoma tena. "Umeipata wapi?"

"Sikuipata. Nilikuwa nayo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya fundi."

Kisha wifi yake akasimama, kiti kikagonga ukuta. "Siku mbili, wifi! Siku mbili Meneja ananiona mharibifu, na wewe umekaa hapo unanisomea mkato, nukta! Nimelia kwa mdogo wako, mdogo wako anasema muulize dada, dada anajua!"

"Nilikuonea wivu. Wewe, na hiyo skrini."

"Skrini, wifi?"

"Ilikaa kwenye kiti changu."

Wifi yake alitaka kucheka, akakataa. Akarudi mezani, akatafuta toleo lile, akalishusha. Walingoja, mstari wa kijani ukitambaa kama konokono anayelipwa posho kwa siku. Kompyuta ikajizima, ikawaka. Ya kwanza. Ya pili. Kisha ile ya kushoto ikapepesa, na mswada ukatokea, pembe A, B na C zote mahali pake.

Meneja aliingia, akaona skrini tatu. "Ehee! Kumbe inawezekana. Nani kaitengeneza?"

Wifi yake aliinamia kibodi. Hakutaka kumsaidia, wala hakutaka kumchongea.

"Kadi haikuungua, mkuu," Bi Daftari alisema. "Draiva mpya haiijui ile ya zamani. Namba sahihi nilikuwa nayo tangu siku ya fundi, na Jumatano nikaificha. Huyu hana kosa ila kubonyeza."

Meneja akamwambia wifi mtu aje kusaini barua yake ya ajira saa tisa. Kwa Bi Daftari alisema, "Jumatatu, kujalidi," akaondoka. Bi Daftari alikiinua kiti mwenyewe, akakipeleka stoo.

Jumatatu aliamka, akasali mpaka mwisho bila kukwama. Alipopita mbele ya mlango wa mpangaji akaiona skrini ile inawaka kushotoni, moyo ulimchoma vilevile. Alikuwa amedhani kutubu kungeung'oa wivu na mizizi yake. Akaendelea na safari, akavaa aproni.

Saa nne alikuwa na gundi mpaka viwikoni wifi yake alipotokea na karatasi mkononi. Alisimama mbali kidogo, kana kwamba gundi ingemrukia.

"Hasira zangu bado zipo," alisema. "Usidhani zimekwisha."

"Sidhani."

"Daftari lako nimelinakili ukurasa ule, nimeubandika ukutani. Mengine sikuyasoma." Akamnyoshea karatasi. "Huu ukurasa wa kitabu kipya nimeusoma mara tatu. Naona ninachotaka kuona. Skrini hainiambii kitu."

Bi Daftari alifuta mikono kwenye aproni, upande huu na upande ule, akaipokea karatasi kwa ncha za vidole. Wifi yake akageuza ndoo tupu ya gundi, akaketi kuliani kwake, akafumba macho asikilize.

"Sura ya kwanza," Bi Daftari alianza, na sauti yake ilikuwa bado na kutu kidogo. "Aya mpya."